Ninavyopandisha dozi ya bisoprololi kwa moyo uliochoka

Wagonjwa wengi wa moyo kushindwa kufanya kazi wanaonifikia tayari wanameza beta-bloka, dawa inayoupunguzia moyo msukumo wa adrenalini; bisoprololi ni mojawapo. Tatizo liko kwenye dozi: walianzishiwa miligramu 1.25 za bisoprololi, wakaachwa hapo hapo mwaka mzima. Dozi hiyo ni ya kubisha hodi tu. Utafiti wa CIBIS-II uliochapishwa mwaka 1999, wenye wagonjwa 2,647, ulilenga kufika miligramu 10 kwa siku. Waliofariki kwenye bisoprololi walikuwa asilimia 11.8, na kwenye kidonge kisicho na dawa 17.3.

Kabla ya kidonge cha kwanza nataka mgonjwa awe amekaukiwa maji ya ziada. Nabonyeza muundi kwa kidole gumba kwa sekunde kama kumi. Kikibaki kishimo, furosemaidi, dawa ya kukojoza maji, ndiyo inayotangulia na bisoprololi inasubiri. Natazama pia mshipa wa shingo, nasikiliza mapafu, nauliza analalia mito mingapi. Mapigo yakiwa chini ya 50 au namba ya juu ya presha chini ya 90, siendelei mpaka nijue kwa nini. ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ikionyesha moyo umezibwa umeme kwa daraja la pili au la tatu, na hana betri ya moyo, siianzishi. Mwenye pumu naye simwanzishii. Ugonjwa sugu wa mapafu wa wavutaji sigara ni jambo jingine: bisoprololi hulenga zaidi vipokezi vya moyo, yaani sehemu za seli zinazopokea adrenalini, na wengi wao huivumilia vizuri.

Kisha napanda ngazi: 1.25, 2.5, 5, 10, kila hatua isipungue wiki mbili. Aliye dhaifu nampitishia 3.75 na 7.5 katikati. Kila anaporudi napima mapigo, presha akiwa amekaa na baada ya kusimama, na uzito.

Wiki za mwanzo ndizo ngumu, kwa sababu dawa huuondolea moyo msukumo wa adrenalini kabla faida haijaonekana. Nguvu ya moyo kusukuma damu huchukua miezi, si siku, kupanda kwenye eko, kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti. Ndiyo maana zamani dawa hizi zilikatazwa kabisa kwa wagonjwa hawa, hadi Finn Waagstein na wenzake wa Gothenburg, Sweden, walipoandika mwaka 1975 kuhusu wagonjwa saba waliopata nafuu. Asiyeelezwa hili mapema huacha dawa siku ya kumi, akiamini imemzidishia ugonjwa. Kwa hiyo namwambia waziwazi: utachoka kwanza.

Uzito ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu, naongeza dawa ya kukojoza na kuiacha bisoprololi ilipo. Wengi hufanya kinyume. Akipata kizunguzungu anaposimama, napitia dawa zake nyingine kwanza: amlodipini ya presha, au furosemaidi iliyobaki juu ilhali maji yalishaisha. Mapigo yakishuka chini ya 50 na anajisikia vibaya, narudisha dozi nyuma, napiga ECG tena na kutafuta mshirika, dawa nyingine inayopunguza mapigo: digoksini, amiodaroni, na zaidi ya zote verapamili, ambayo haipaswi kukutana na beta-bloka hata kidogo.

Mshirika anayesahaulika ni tone la timololi la presha ya macho, nalo ni beta-bloka. Mgonjwa halihesabu kuwa dawa, na wewe usipouliza hutalijua. Linateremka kwenye mfereji wa machozi hadi puani, linaingia kwenye damu bila kupitia ini kwanza. Abonyeze kona ya ndani ya jicho dakika mbili baada ya kudondosha, au abadilishiwe.

Tahadhari na metoprololi, beta-bloka nyingine yenye chumvi mbili: suksineti ya kutoka polepole ndiyo iliyothibitishwa kwa moyo huu. Tartareti jina lake linafanana, lakini katika utafiti wa COMET wa mwaka 2003 waliofariki walikuwa asilimia 40, na 34 kwenye beta-bloka ya kavedilolo. Ile ya polepole hukatwa nusu kwenye mstari wake. Ikitafunwa, dawa yote hutoka kwa mkupuo.

Mwenye kisukari anayechoma insulini namwonya kwamba kutetemeka na moyo kwenda mbio vinaweza kutoweka sukari inaposhuka. Jasho hubaki, alitegemee hilo. Na hakuna kuacha ghafla: vipokezi huwa vimeongezeka wakati wa dawa, adrenalini ikivikuta wazi, mishipa yenye kasoro hulipa kwa maumivu ya kifua au mshtuko wa moyo.

Bidii hii yote ni kwa moyo wenye nguvu iliyopungua. Kwa waliopata mshtuko wa moyo na bado nguvu ni asilimia 50 au zaidi, utafiti wa REDUCE-AMI wa mwaka 2024, wenye watu 5,020, haukuona vifo wala mishtuko mipya ikipungua. Hao siwasukumi.

Si kila mtu hufika 10. Anayekomea 5 na yuko vizuri, anabaki 5, nami naandika kwenye kadi kilichonizuia: "7.5, mapigo 46, kizunguzungu, imerudishwa 5." Kadi isiyo na mstari huo humfanya anayempokea baada yangu ajaribu tena kwa upofu, au amwache kwenye 1.25 milele.