Memori ya kasi zaidi: nilipima kwanza, ndipo nikanunua

Msimu wa korosho ulipoisha, mjomba alinipa pesa kidogo kwa kumsaidia kuokota na kuanika kule Nanyamba. Nilirudi Mtwara mjini na wazo moja tu, kuiponya kompyuta yangu. Gemu la mpira lilikuwa linaganda kila mchezaji akiingia kwenye boksi, na hapo ndipo mechi huamuliwa.

Nikampigia simu fundi wa Kariakoo. Hakufikiri mara mbili: "Kaka, toa hiyo memori, weka vipande viwili vya 3600. Utanishukuru." Memori, au RAM, ndiyo inayoshika data ambazo kompyuta inazitumia kwa wakati huo, na 3600 ni namba ya kasi yake. Bei aliyotaja ingemaliza pesa yote. Nikamwambia anipe wiki moja.

Kompyuta yangu ina prosesa (chipu inayofanya hesabu zote) ya Ryzen 5 5600G na haina kadi ya grafiki, yaani kifaa cha pembeni cha kuchora picha, na swali langu lote lilisimamia hapo. Mwenye kadi ana memori nyingine juu ya kadi yenyewe, kwa hiyo RAM ya kasi humwongezea kidogo tu kwenye magemu mengi. Kwangu grafiki imo ndani ya prosesa na inachota kwenye RAM ileile inayotumiwa na Windows na gemu. Nilikuwa na kipande kimoja cha GB 8, na grafiki ilikuwa imetengewa GB 2 humo. Kilichobaki kiligombaniwa na vingine vyote.

Usiku huo nikafungua Task Manager, programu ya Windows inayoonyesha kompyuta inavyotumika, upande wa memori. Kipande changu kimeandikwa 3200, lakini pale palisomeka 2400, na nafasi moja kati ya mbili ndiyo iliyokuwa na kitu. Mwaka mzima nilikuwa natumia kasi ambayo siyo niliyoilipia! Memori za namna hii huanza na kasi ya kawaida mpaka uingie BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka) uwashe profaili ya XMP, yaani kasi kamili iliyohifadhiwa ndani ya memori yenyewe. Nikaiwasha. Gemu lilikuwa linatoa fremu, yaani picha, 31 kwa sekunde, likapanda hadi 37. Sikutoa hata senti.

Rafiki yangu wa Mikindani ana vipande viwili vya GB 8 vya 3600. Nikamwomba aje navyo Jumamosi. Tulivifunga, tukavishusha kwanza hadi 3200, tukacheza mechi ileile, uwanja uleule, mvua ileile ndani ya gemu. Fremu 54. Tukavipandisha 3600. Fremu 57. Tukarudia mara tatu kwa kila kasi kwa sababu sikuamini, na tofauti ikabaki fremu mbili au tatu.

Ukipiga hesabu inaeleweka. Kipande kimoja cha 3200 hupitisha GB 25.6 kwa sekunde. Viwili vikifanya kazi sambamba vinapitisha 51.2. Kuhama kutoka 3200 kwenda 3600 kunakufikisha 57.6 tu. Isitoshe, vya rafiki yangu vilikuwa CL18 na changu ni CL16 (CL ni idadi ya mizunguko memori inayosubiri kabla ya kutoa data), na ukiigawanya kwa kasi, muda wa kusubiri data ni uleule, nanosekunde 10. Kwa hiyo kilichobeba kazi ni kipande cha pili, pamoja na GB 8 zilizoongezeka. Hizo GB ndizo ninazoamini ziliondoa kuganda kwenye boksi, maana hata fremu zilipokuwa 37 kuganda kulikuwa bado kupo.

Nikampigia tena yule fundi, nikamwomba kipande kimoja tu, chapa ileile, 3200, CL16. Alijaribu kunirudisha kwenye 3600. Nikamweleza kwamba nikichanganya na changu cha zamani vyote vitafuata kasi ya kile cha chini, akakubali. Mzigo ulikuja na basi, nikaupokea stendi saa moja jioni.

Nilikiweka kwenye nafasi ya pili, na tahadhari moja ambayo ningependa kila mtu aichukue: zima, chomoa waya ukutani, na sukuma hadi usikie vidoko viwili. Mara ya kwanza sikusukuma vya kutosha na skrini ilibaki nyeusi, nikatokwa jasho kweli. Kikakaa, nikahakikisha BIOS bado inasoma 3200, fremu 54.

Pesa iliyobaki nimenunulia UPS, kifaa chenye betri kinachoshika umeme ukikatika. Umeme ukikatika katikati ya mechi sasa napata dakika za kuzima kompyuta vizuri, na mdogo wangu anaruhusiwa kumalizia kipindi kama kimebaki kidogo.