Nilivyomtambua Ellen Terry bila jina la studio

Mkusanyaji mmoja wa siku nyingi hapa London alinionya nisitupe pesa kwa picha moja ya zamani ya mwigizaji. Picha ile, alisema, imekatwa gazetini, na mwanamke aliyemo ni Sarah Bernhardt, mwigizaji wa Ufaransa, maana jina lake limeandikwa nyuma kwa penseli. Yote mawili si kweli, na ninajivunia kwamba sikumsikiliza.

Ni picha ya kabineti, zile za karne ya 19 zilizobandikwa kwenye kadi ngumu ya sentimita 11 kwa 16.5 hivi. Jina la studio huchapwa chini ya kadi, lakini hii mtu aliipunguza kwa mkasi ili ienee kwenye albamu. Niliipata kwa pauni thelathini na kitu.

Mwanamke wa pichani amevaa kama Lady Macbeth wa tamthilia ya Shakespeare, Macbeth. Nilianza na Bernhardt kwa kuwa naye aliigiza nafasi hiyo jijini Paris mwaka 1884. Jioni baada ya jioni nililinganisha pua na kidevu, hakuna kilichooana.

Ndipo nikazima taa, nikalaza tochi ubavuni mwa kadi, nikashika lenzi ya mkono. Raha iliyoje! Picha ya gazetini ingeonyesha vitone vya wino vilivyojipanga. Hapa sikuona hata kimoja. Niliona nyuzi za karatasi chini ya mng'ao wa ute wa yai, na nyufa nyembamba kama za tope lililokauka. Hiyo ni albumini halisi, yaani picha iliyochapwa kwenye karatasi iliyopakwa ute wa yai. (Yuko aliyenishauri niifute kwa kitambaa chenye maji. Msithubutu! Maji huharibu utando huo.)

Baada ya hapo uso nikauacha, nikashika maleba. Mikono ya gauni mirefu mno, visuko viwili vinaning'inia, na kitambaa kinameta hata pasipo rangi. Gauni hilo ni la Ellen Terry, mwigizaji wa Uingereza, alipocheza Lady Macbeth katika Macbeth iliyoandaliwa na mwigizaji Henry Irving, ukumbi wa Lyceum hapa London, mwishoni mwa 1888. Lilishonewa mabawa halisi ya mbawakawa. Lipo Smallhythe Place, nyumba aliyoishi Terry huko Kent, nendeni mkalione.

Kisha nikatafuta picha alizopigwa na Window & Grove, studio ya Baker Street, akiwa na maleba hayo. Nililinganisha mikunjo ya gauni. Sura za watu hufanana, lakini nguo haianguki vilevile katika mipigo miwili. Moja ilioana na yangu mkunjo kwa mkunjo, hadi vivuli vya vidole.

Yule mkusanyaji ameshaniuliza kama naiuza. Siiuzi.