Darasa la Sita kutoka Turiani Kwenda Kambi ya Dar: Treni, Pantoni na Foleni za Katikati

Kibali kwanza, nauli baadaye. Barua ya mwalimu mkuu hupitia kwa afisa elimu kata, ikafika kwa afisa elimu wa halmashauri, kisha kwa mkurugenzi. Ikilala kwenye meza mojawapo kati ya hizo, gari ulilokwisha lilipia halitakungoja. Sisi tulikuwa na wanafunzi 42 wa darasa la sita kutoka Turiani, wilayani Mvomero, na walimu sita, wanawake watatu na wanaume watatu. Barua ilitoka mwezi mmoja kabla, ikiwa na ratiba ya kila siku, orodha ya majina, jina la shule mwenyeji, na fomu za ridhaa zenye namba mbili za simu kwa kila mtoto. Namba moja haitoshi, kwani mzazi akiwa shambani simu huwa nyumbani. Mchango ulipitishwa na kamati ya shule na ulikuwa wa hiari; mtoto ambaye kwao hawakuwa na kitu alipanda kama wenzake.

Watu wengi wakipanga safari ya aina hii huanza na orodha ya vivutio. Ukweli ni kwamba vivutio havisumbui. Kinachoharibu siku ni foleni, lango, choo, na ile nusu saa ya kusubiri kati ya sehemu moja na nyingine. Tulipanga sehemu moja kubwa asubuhi, nyingine ndogo jioni, basi.

Tulikodi Coaster mbili, zikaondoka saa 12 asubuhi kwa sababu kibali kiliruhusu magari kutembea mchana tu. Barabara ya Turiani hadi Magole ni ya lami, ila ina kona, na kiti cha nyuma cha Coaster hurusha. Wanaotapika kaa nao mbele, na wote wanywe chai ya rangi na kiazi badala ya chai ya maziwa na maandazi ya mafuta. Mifuko ya kutapikia, kumi kwa kila gari, inatosha. Magole mnaingia barabara kuu ya Dodoma na kushika njia ya Morogoro. Stesheni ya treni ya umeme iko Kihonda, kwa hiyo hamna haja ya kupita katikati ya mji.

Nauli ya daraja la kawaida Morogoro hadi Dar es Salaam ilikuwa shilingi 13,000, na mtoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu. Hapa ndipo bajeti za walimu huvunjika. Darasa la sita lina watoto waliokwisha fikisha miaka 13, na hao ni watu wazima mbele ya mfumo wa tiketi. Hesabu umri kwa vyeti vya kuzaliwa, usikadirie kwa urefu. Majina kwenye tiketi yafanane na majina ya orodha. Mtoto anayeitwa jina la babu nyumbani na lingine shuleni atawachelewesha wote langoni. Mizigo hupita kwenye mashine ya ukaguzi, hivyo mtungi wa gesi, visu vya jikoni na sufuria kubwa tulivitanguliza kwa barabara pamoja na mpishi.

Treni hutumia chini ya saa mbili. Milima ya Uluguru hubaki upande wa kulia, kisha Ngerengere, Ruvu, Soga na Pugu. Mwendo unaweza kufika kilomita 160 kwa saa, na swali la watoto lilikuwa moja: mbona nguzo za umeme zinakimbia lakini milima haikimbii? Mwalimu wa sayansi apewe kiti katikati ya behewa. Kuingia Dar ndiko kuzuri zaidi, kwa kuwa reli hupita juu ya daraja refu, zaidi ya kilomita mbili, na mji wote huonekana kutokea usawa wa mapaa. Usiwaruhusu wasimame kabla treni haijatulia, maana wote hukimbilia dirisha la upande mmoja.

Kambi ilikuwa shule ya msingi iliyofungwa kwa likizo: vyumba viwili vya wasichana, viwili vya wavulana, na kimoja cha walimu. Madawati yalipangwa ukutani. Kwa kuwa darasa halina misumari ya vyandarua, tulifunga waya wa kufungia nondo kutoka nondo za dirisha moja hadi la upande wa pili, kama mita mbili kutoka sakafuni. Maji ya bomba hukatika bila taarifa. Kwa lita 20 za kuoga, kunawa na choo kwa kila mtoto, watoto 42 wanahitaji lita 840 kwa siku, ukiongeza jikoni tanki la lita 1,000 linaisha. Lijazwe kila maji yakitoka, hata kama bado liko nusu. Vyoo hukaguliwa kabla ya kukubali kambi: kipimo cha shule ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25.

Chakula cha moto kilikuwa cha jioni, kilo 7 za mchele na kilo 4 za maharage yaliyolowekwa tangu usiku. Mchana tulibeba vikavu: mikate, karanga, ndizi. Wali uliopikwa alfajiri ukafungwa ukiwa wa moto huanza kuharibika kabla ya saa nane mchana kwa joto la Dar, na matumbo hudai usiku.

Hesabu ya watoto ina ujanja wake. Ukihesabu vichwa ukapata 41, unajua mmoja hayupo lakini hujui ni nani. Kila mtoto alipewa namba, na kila lango walijiita kwa sauti, moja hadi 42; namba iliyonyamaza ndiyo inayotafutwa. Halafu kuna sare. Shati jeupe na bluu ya chini ni vazi la shule za serikali karibu kila mahali, na siku ya likizo makumbusho huwa na shule tatu zilizovaa hivyo hivyo. Tulichana kitenge kimoja cha njano vipande, kila mmoja akafungwa mkononi.

Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, usiingie na watoto 42 kwa mkupuo. Makundi ya 14 yanatosha, kila moja na walimu wawili. La kwanza lilianzia kwenye historia ya binadamu, ambako wanakutana na Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, ambaye fuvu lake lilipatikana na Mary Leakey huko Olduvai tarehe 17 Julai 1959, mwenye umri wa miaka kama milioni 1.75. La pili lilianzia kwenye magari ya zamani ya viongozi, ambako hakuna anayetaka kuondoka. La tatu lilianzia kwenye kumbukumbu ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa tarehe 7 Agosti 1998. Hapo waelezwe kabla ya kuingia, si ndani.

Pantoni ya Magogoni kwenda Kigamboni tuliipanda saa tatu asubuhi. Muda huo umati unatoka Kigamboni kuja mjini, nasi tulikuwa tunakwenda kinyume. Lango likifunguliwa waacheni wenye haraka watangulie, kwani msukumo wote uko dakika mbili za mwanzo. Kurudi tulipita Daraja la Nyerere lenye mita 680, lililofunguliwa 2016, ili waone mkondo uleule kutoka juu.

Bahari inahitaji kalenda ya mwezi. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu au mwandamo, Dar maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni, na kila siku husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Maji yakipwa watoto wa bara huona uwanja wa kuchezea na kwenda mbali, kumbe yakirudi hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yao. Mpaka wetu ulikuwa magoti. Walimu wawili walisimama upande wa kina wakitazama ufukweni, na viatu havikuvuliwa, kwa sababu kwenye miamba kuna wadudu wa miiba myeusi inayokatikia ndani ya nyayo.

Tiketi ya kurudi ikatwe ya treni ya asubuhi. Ya mchana inawafikisha Kihonda jua likiwa limeelekea kuzama, na Coaster hazitaruhusiwa kuanza safari ya Turiani. Shuleni kila mtoto alikabidhiwa kwa mzazi aliyetia sahihi mbele ya namba yake. Watatu walifuatwa na kaka zao wadogo, nao walisubiri ofisini hadi watu wazima walipokuja.