Fainali Mwezi wa Ramadhani

Julai 2014, mitihani ya mwaka wa pili ilipokwisha, tulitoka Dodoma watu watatu kwenda Unguja kupumzika. Mmoja wetu ni mtoto wa Michenzani, na alishatuonya tangu tukiwa hosteli: Ramadhani hii, msitegemee kukuta mgahawa uliofunguliwa mchana. Mimi ni wa Mbeya, Mlutheri. Nikamwambia nakwenda kuangalia mji, chakula kitajijua chenyewe. Safari ya boti sitaisimulia. Kusi ilikuwa imechachamaa na abiria wengi walivuka bahari mfuko wa plastiki mkononi.

Jumapili ya tarehe 13, mama yake alitufunikia chai na maandazi kwa kawa chumbani, akatuhimiza tushibe kabisa kabla ya kutoka. "Huko nje, wanangu, maji mtayaona ya bahari tu."

Tulianzia Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Anglikana, ibada ilipokwisha. Limejengwa palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa 1873. Kuna msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, ule ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake. Lakini kilichonishika mimi ni nguzo fulani karibu na mlango: zimesimama kichwa chini, miguu juu. Mwongozaji anasema mafundi walizipachika hivyo Askofu Steere akiwa safarini, naye aliporudi akaziacha. Huyo ndiye Steere aliyeandika kitabu cha sarufi ya Kiswahili, na nilifurahi kujua kwamba mtu wa sarufi alikubali kuishi na nguzo zilizokosewa. Furaha hiyo iliishia nje, kwenye shimo lenye sanamu za watumwa waliofungwa mnyororo wa chuma shingoni. Wageni waliokuwa wakipiga picha kila kona waliteremsha kamera zao bila kuambiwa na mtu.

Kufika adhuhuri, koo limekauka. Ngome Kongwe tuliizunguka haraka haraka. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilikuwa limefungwa kwa wageni, tukaishia kuhesabu roshani kutoka barabarani. Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka, kwa hiyo ile picha ya simu yenye ukungu naithamini kuliko inavyostahili. Vichochoroni kimya. Jaws Corner, ambako siku nyingine wanaume hucheza dhumna na kubishana siasa, mabaraza yalikuwa matupu, na paka mmoja amejinyoosha mahali pa muuza kahawa. Nikaanza kuwaza nauli yangu.

Alasiri ndipo mji ulipoamka. Darajani hapakanyagiki: mikungu ya ndizi mkono wa tembo, mihogo, tende kwa mafungu, watu wanagombania nazi kama zinatolewa bure. Vespa zinapita katikati ya miguu yako. Kila mtu ana haraka, na kila mtu ana njaa kama mimi, jambo lililonifanya nijisikie mwenyeji kidogo.

Futari tuliila mkekani, majumba ya Michenzani yakiwa yametulia ghafla baada ya adhana. Tende kwanza, kisha uji wa pilipili manga, muhogo wa nazi na changu wa kukaanga, kaimati mwishoni. Mzee wa nyumba hakusema neno mpaka bakuli la uji lilipokwisha. Akatuuliza usiku ule, kwenye fainali ya Kombe la Dunia, tutashangilia nani. Mimi na mwenzangu wa Singida tukasema Argentina, kwa ajili ya Messi.

"Mimi Ujerumani," akasema. "Hizi nyumba nani aliyetusaidia kuzijenga?"

Mwanawe akamkumbusha kwamba waliomsaidia Mzee Karume walikuwa Wajerumani wa Mashariki, nchi ambayo haipo tena. Mzee akachukua kaimati nyingine. "Nyumba ipo."

Baada ya tarawehe tukateremka Forodhani. Taa, moshi, wapishi wamevaa kofia nyeupe, kila mmoja anakuita rafiki. Bei ya kwanza tuliyotajiwa ya mshikaki wa pweza ilikuwa ya kitalii. Mwenzetu akaongea maneno mawili kwa lafudhi ya nyumbani ikashuka nusu. Pizza ya Zanzibar niliisimamia mwanzo mpaka mwisho: kidonge cha unga kinapigwa kwa kiganja mpaka unauona mkono kwa upande wa pili, katikati inamwagwa nyama ya kusaga, vitunguu na hoho, linapasuliwa yai, vinavurugwa humo humo kwa vidole, kisha pande nne zinakunjwa na kulazwa kwenye chuma chenye mafuta. Niliila kwa kuungua ulimi. Maji ya miwa, yaliyokamuliwa na ndimu na tangawizi, ndiyo yaliyoniokoa.

Saa nne usiku tulikuwa Jaws Corner, na yale mabaraza matupu ya mchana hayana hata pa kuegemea. Televisheni imewekwa juu, muuza kahawa anapita na dele lake, vikombe vinagongana, kashata mfukoni. Higuaín wa Argentina alipokosa goli la wazi, mtu nyuma yangu alilalamika kana kwamba amefiwa. Dakika tisini zikaisha bila bao. Dakika ya 113 Götze wa Ujerumani akautuliza mpira kifuani, akaupiga kabla haujagusa chini, na nusu ya uchochoro ukanyamaza. Nusu nyingine, ambayo sikujua ipo, ikalipuka.

Hakuna aliyekwenda kulala. Tulikaa barazani tukibishana mpaka wakati wa daku, tukarudi Michenzani na kumkuta mama anapasha wali na pweza wa nazi. Akauliza nani kashinda.

"Wajerumani," tukasema.

"Basi waambieni waje. Bomba la jikoni linavuja tangu Rajabu."