Siku moja maishani mwangu: papa, kamera na umeme uliokatika

Saa 10:30 alfajiri, Kigamboni, Dar es Salaam. Kabla ya chai, oringi. Huu mpira mwembamba wa mlango wa kasha la kupigia picha chini ya maji ndio unaoizuia Bahari ya Hindi isiingie kwenye kamera ambayo bado nadaiwa. Naupaka grisi kwa kidole, nautafuta unywele au chembe ya mchanga kwa taa ya simu. Taa ya simu, maana umeme umekatika tangu usiku. Feni kimya, chumba kama tanuri. Nalifunga kasha huku jasho linanidondoka. Kosa la siku nzima nimelifanya hapo.

Saa 12:15 asubuhi. Nashuka kwenye pantoni, nachungulia soko la Feri. Papa wawili wadogo wamelazwa sakafuni, mnada umepamba moto. Papa wengi niliowahi kuwapiga picha nimewapigia hapa, bila kulowa hata soksi.

Saa 2:40, Kunduchi. Nimechagua siku ya maji mafu, bahari inapopanda na kushuka kidogo tu. Bamvua, inapopanda na kushuka sana, hutibua mchanga, huoni hata mkono wako. Nahodha ananiambia nilifunike kasha kwa khanga iliyolowa. "Sawa, mzee." Nasahau.

Saa 4:05, nje kidogo ya kisiwa cha Mbudya, kina cha mita 16. Huku chini maji yameshaimeza rangi nyekundu. Flashi huirudisha, ila mpaka uwe karibu, mita moja au mbili. Na papa hafukuzwi. Unatulia, unapumua polepole ili mapovu yasimshtue.

Mwenzangu anagonga mtungi wake, ting ting. Chini ya mwamba amelala papa mwenye ncha nyeupe kwenye pezi la mgongoni. Watu husema papa akisimama anakufa. Huyu mchana hulala chini, huwinda usiku. Anasukuma maji kwa mdomo, na mipasuo ya mashavuni inafunguka, inafumba, inafunguka. Niliiangalia mpaka nikasahau kazi.

Nainua kamera. Ukungu! Ile hewa ya jasho niliyoifungia alfajiri, ikachemka juani botini, imekutana na maji ya baridi, nayo imegeuka matone kwenye kioo kwa ndani. Hupanguzi. Unasubiri tu, jicho moja kwenye geji ya hewa. Dakika kumi hivi, pakatakata pa upana wa sarafu. Papa naye akaamka, akageuka. Nikabonyeza mara moja.

Mita 5, dakika tatu za kusimama kwa usalama kabla ya kutoka majini. Nilizimaliza kwa kujitukana.

Mchana: kusuuza vifaa kwa maji yasiyo ya chumvi, foleni, pantoni. Njiani nimeomba duka la viatu vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu, niviweke ndani ya kasha. Wamenipa tisa, bure.

Saa 2 usiku. Umeme umerudi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Papa umempata?"

"Nimepata mkia."

Akavaa miwani, akainamia kompyuta, akautazama kwa muda. "Huu hautoshi mchuzi."