Mstari juu ya mbili

Dodoma, Jumapili jioni, Oktoba

Upepo umetulia. Tangu Julai vumbi lilikuwa likiingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa, sasa limebaki joto peke yake, lile joto la Dodoma la kungojea mvua. Nimekaa barazani kwa mama mdogo, Chang'ombe, kaunta buku iko mapajani, na leo nimefanya hesabu saa mbili nzima bila tumbo kunisokota. Ndiyo sababu naandika. Nataka kuiweka hii kabla sijasahau ilivyokuwa na kuanza kuwaambia watu kwamba ni suala la kujitahidi tu.

Narisiti hisabati. Nilimaliza kidato cha nne miaka mitatu iliyopita na cheti changu si kibaya, isipokuwa ile F moja. F ni alama yoyote chini ya 30. Ukifika 30 una D, na D ndiyo wanayoitaka chuoni ninakotaka kwenda. Najua hisabati huangusha wengi katika mtihani wa kidato cha nne, miaka nenda miaka rudi. Ila ukiwa umesimama dirishani chuoni na karatasi zako zinarudishwa, wale wengi huwaoni.

Mchana niko soko la Majengo na mama mdogo, tunauza mlenda wa kukausha, karanga na dagaa. Jioni naenda tuisheni kwa kaka mmoja anayesoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, tuko kumi na wawili kwenye chumba chenye ubao mmoja na taa moja. Wateja wanaojua habari zangu huniambia, "Mbona hapa unarudisha chenji haraka hivyo, hesabu gani hizo zikushinde?" Wanasema kwa upendo. Bibi naye alipokuja kutoka Bahi mwezi wa nane alinishika mkono akasema, "Usijiue mjukuu wangu, kwenye ukoo wetu hesabu hazikupita." Na yeye kwa upendo. Maneno hayo mawili yaliniuma kuliko kama ningetukanwa. La kwanza lilikuwa linaniambia sina sababu ya kuogopa, la pili kwamba sina sababu ya kujaribu, na mimi nilikuwa naogopa na kujaribu kwa wakati mmoja.

Kuanzia Mei nilisoma kwa kuukomoa mwili. Narudi saa mbili usiku, tunakula, naosha vyombo, saa nne naanza kupiga msuli mpaka saa tisa, chupa ya kahawa pembeni. Saa kumi na moja na nusu nimeshaamka kwenda kupanga meza sokoni. Tumbo likawa linawaka kila siku, nikaamini nina vidonda vya tumbo. Halafu usiku mmoja nilifungua mtihani wa miaka ya nyuma nijipime. Viganja vililowa mpaka kalamu ikawa inateleza. Moyo ulikwenda mbio kama nimekimbizwa. Nilisoma swali la kwanza mara nne na maneno hayakuingia. Lilikuwa swali la kukadiria namba kwa nafasi mbili za desimali, kitu ninachokijua tangu kidato cha kwanza. Nilifunga karatasi, nikalala chini sakafuni palepale kwa sababu sakafu ilikuwa ya baridi.

Mama mdogo alinipeleka zahanati. Daktari alikuwa mama wa makamo, alinipima, akanibonyezabonyeza tumbo, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Unalala saa ngapi, mwanangu?" Nilipomjibu aliweka kalamu chini. Aliniambia kichwa kinashika ulichosoma wakati umelala, na kwamba ninachofanya ni kumwaga zege usiku na kulikanyaga asubuhi kabla halijashika. Mji wetu huu unajengwa kila kona, mfano ule nilikaa nao. Alinipa dawa kidogo, akanikataza kahawa ya usiku, akasema saa tano niwe kitandani. Nilimtii shingo upande. Baada ya wiki mbili tumbo lilikuwa limepoa nusu. Hofu ilikuwa palepale.

Nimejiuliza sana ilianzia wapi. Nadhani ilianzia kwenye neno moja: "Mmeelewa?"

Kila aliyesoma shule kama yangu analijua. Mwalimu anamaliza mfano ubaoni, anageuka, anauliza, na darasa zima linaitikia "Ndiyooo!" Tulikuwa zaidi ya sabini. Kidato cha pili tulikuwa na mwalimu ambaye ukisema hujaelewa unasimama mpaka kipindi kiishe, wenzako wamekaa. Nilisimama mara moja tu. Baada ya siku ile nikawa naitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Hapo ndipo nilipoanza kubeba siri, na siri ya namna ile ni nzito ukiwa na swali mkononi, maana nusu ya akili iko kwenye swali na nusu iko mlangoni inalinda asiingie mtu akaona. Kaka anayetufundisha husema akili ina kimeza kidogo cha kufanyia kazi, na wasiwasi ukishapanga vyombo vyake hapo juu, namba hazina pa kukaa. Nilikuwa nazungukwa na watu wanaonisihi nisiogope, lakini hakuna aliyejua ninaficha nini. Ningewaambiaje?

Ilikuwa Alhamisi moja ya Septemba. Tulikuwa kwenye logi, ile njia ya kuzidisha namba kwa kujumlisha namba nyingine unazozitoa jedwalini. Mtihani wetu hauruhusu kikokotoo, tunatumia jedwali, kile kijitabu cha tarakimu nne nne ambacho changu kimeshalegea uti. Swali: 0.0347 mara 52.6. Kaka akafanya ubaoni, akageuka: "Tupo pamoja?" Wote: "Tupo!" Nikasikia sauti yangu ikisema, "Mimi sipo."

Sikuwa nimepanga. Chumba kilinyamaza. Masikio yaliniwaka. Kaka alikuja mpaka kwenye dawati langu, akainama, akasema, "Nionyeshe unavyofanya wewe."

Nikaandika. Logi ya 3.47 jedwalini ni 0.5403, na kwa kuwa yetu ni 0.0347 unaanza na mbili yenye mstari kichwani, mstari ndio hasi yake, halafu nukta, halafu 5403. Hapo nilikuwa sawa. Ya 52.6 ni 1.7210. Nilipofika kwenye kujumlisha nikafanya kama nilivyofanya tangu kidato cha pili, nikaichukua ile ya kwanza yote kama namba hasi, nikaondoa, nikapata kitu ambacho hakipo kwenye jedwali lolote. Kaka hakuifuta. Aliweka kidole kwenye ule mstari mdogo.

"Mstari umeanzia wapi na umeishia wapi?"

"Uko juu ya mbili."

"Juu ya 5403 upo?"

Niliangalia. Haupo. Miaka yote hiyo haukuwepo. Mbili peke yake ndiyo hasi, sehemu ya desimali ni chanya, inajumlishwa kama kawaida. 0.5403 na 0.7210 ni 1.2613. Ile moja inavuka, inakutana na moja ya 1.7210 na hasi mbili, zinaisha. Inabaki 0.2613, unaenda jedwali la antilogi, lile la kukurudisha kwenye namba ya kawaida, unapata 1.825. Mstari mmoja, mfupi kama kucha ya mtoto, ulinila alama tangu nina miaka kumi na tano, na ungenitoka kwa dakika tano kama ningesema siku ile.

Dada aliyekuwa nyuma yangu akasema, "Kaka, hata mimi hapo nilikuwa sielewi." Kisha na wengine wawili. Tulirudia logi zote jioni ile, taa ikavutia wadudu mpaka ubao ukajaa mabawa. Nikirudi nyumbani nilipita chini ya ule mbuyu mkubwa wa karibu na njia panda. Majani hauna wakati huu, lakini maua yake meupe yalikuwa yameanza kufunguka gizani, yananing'inia kichwa chini. Nilisimama pale nikalia kidogo. Sijui kwa nini nimeandika hilo, ila lilitokea.

Tangu hapo nauliza. Si kwamba siogopi, nauliza huku naogopa. Na nimeongeza jambo moja tulilofundishwa: kuandika wasiwasi wenyewe kabla ya kugusa mtihani. Kaka alitusimulia kwamba mwaka 2011 watafiti wawili wa Chicago, Gerardo Ramirez na Sian Beilock, waliwapa wanafunzi kama dakika kumi za kuandika hofu zao kabla ya mtihani, na waliofaidika zaidi ni wale wanaoingiwa na wasiwasi kuliko wenzao. Mimi ni wa kundi hilo, nikajaribu. Nimerudi kwenye ukurasa wa kwanza nilioandika: "Naogopa nitapata F tena. Naogopa ada ya mama mdogo imepotea. Naogopa msimamizi atapita nyuma yangu aone karatasi nyeupe. Naogopa bibi atakuwa amesema kweli." La mwisho nilikuwa silijui mpaka mkono ulipoliandika.

Jana tulifanya jaribio kamili. Muda wa saa tatu, maswali kumi na manne: kumi ya sehemu A yenye alama 6 kila moja, manne ya sehemu B yenye alama 10. Niliandika hofu zangu kwanza, nikachana ile karatasi. Sikuanza na swali la kwanza, nilianza na takwimu kwa sababu takwimu naziweza, kisha seti, kisha hesabu za biashara. Nilipofika kwenye vekta kichwa kikafungika kama siku ile ya sakafuni. Viganja vikalowa. Nikaweka kalamu chini, nikavuta pumzi nikihesabu nne, nikaitoa taratibu nikihesabu sita, mara tano hivi. Kutoa pumzi kwa kuchelewa ndiko kunakopunguza mbio za moyo, niliisikia ikishuka kifuani kabisa. Vekta sikuimaliza, nikaiacha nikaenda kwenye uwezekano.

Nimepata 41.

Nilimwambia mama mdogo leo asubuhi wakati anapepeta dagaa. Hakuinua macho. "Kati ya ngapi?"

"Mia."

"Na chuo kinataka ngapi?"

"Thelathini."

Akapepeta mara mbili tatu. "Basi una chenji kumi na moja." Akanyamaza kidogo, halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye aliacha shule darasa la sita kwa sababu ya sehemu, zile za juu na chini, na hajawahi kumwambia mtu. Ana miaka arobaini na nne. Tumekubaliana nikimaliza mtihani tutakaa usiku, mimi na yeye, tuanze na nusu na robo.

Kesho tunaanza duara. Nimesoma mbele kidogo na sijaelewa kwa nini pembe ya katikati ni mara mbili ya ile ya kwenye mzingo. Nimeliandika swali kwenye jalada la daftari, kwa wino mwekundu, nisije nikaitikia "tupo" pamoja na wenzangu.