Sare ya mwendo wa 31

Nimemaliza mashindano ya sataranji ya wikiendi na pointi 3 kati ya 6. Pambano lisilonitoka kichwani si lile la raundi ya pili nililopigwa vibaya, ni sare ya raundi ya tano.

Nilikuwa na weusi dhidi ya kijana wa kidato cha pili. Mwendo wa 31 alisogeza ngome, na kabla hajabonyeza saa akaniuliza kwa upole, "Sare, anko?" Nikakubali mbiombio. Tukapeana mikono, tukasaini karatasi.

Nikifungwa huwa naingia kazini usiku uleule kutafuta nilikoteleza. Nikitoka sare nafunga daftari na kulala. Safari hii nimelifungua, kwa sababu pembeni ya kila mwendo huwa naandika muda niliotumia, na pale palikuwa na kitu cha kutisha: miendo 6 ya kwanza ilichukua dakika 4, mwendo wa 7 peke yake dakika 19.

Ufunguzi ulikuwa Caro-Kann ya kubadilishana, yaani ule ambao askari wa katikati wanaliana mapema. Askari walipoliana pale d5 (kila mraba una herufi ya safu na namba ya mstari), yeye akaweka askofu d3, askari c3, askofu wa pili f4. Mimi nikatoa farasi wote wawili na askofu wangu akaenda g4. Ndipo akaleta malkia b3. Askari wangu wa b7 alikuwa akilindwa na askofu huyohuyo niliyemtoa nyumbani! Baada ya dakika 19 za jasho nikamrudisha c8. Miendo miwili imepotea, maaskofu wangu wote wako nyumbani, wa kwake wote wako nje. Kuanzia hapo nilikuwa najihami tu, na naamini angeendelea kukaza kamba ningefungwa.

Petrosian, bingwa wa dunia wa 1963 hadi 1969, alifika hapohapo mbele ya Mmarekani Bobby Fischer mjini Belgrade mwaka 1970. Alipeleka farasi a5, akapigwa shaha (mfalme wake akashambuliwa) na malkia kutoka a4, na askofu wake naye ikabidi arudi, d7. Fischer akashinda.

Jibu la malkia b3 linalochezwa sana siku hizi ni malkia d7 tu. Analinda b7, askofu anabaki g4. Nililipanga ubaoni usiku wa Jumatatu, bila kompyuta, nikaenda mbele: askari wangu e6, askofu anamla farasi wa f3, maaskofu wanaliana pale d6 na malkia wangu anamalizia kula hapo. Moyo ukashtuka. Malkia ameondoka d7, b7 haina mlinzi tena!

Nikamla askari huyo mwenyewe kwa malkia mweupe ili nione. Ngome yangu ikaenda b8. Malkia mweupe anakimbilia wapi? Akila a7, farasi wa c6 anamla. Akienda c8, ngome inamla. Akila f7, mfalme anamla. Imebaki a6 tu, na ngome yangu inashuka moja kwa moja kula b2. Askari kwa askari, na ngome yangu imeshaingia kwake. Nilirudia mara nne, kwa raha tu.

Mweupe asipoila b7, mpango wangu ni ngome b8, kisha askari b5, b4, kuibomoa c3 yake. Hiyo ndiyo kazi ya wiki hii. Jumamosi jirani yangu amekubali kushika weupe na kunichezea malkia b3 mara kumi mfululizo.